Kwa Nini Tom Hamli Jerry

Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Wazee waliotuachia usemi huo hawakubahatika kumwona Tom. Tangu filamu ya kwanza ilipotoka tarehe 10 Februari 1940, paka huyu anamkimbiza panya yuleyule mmoja, na amemtia mkononi mara zisizo na hesabu. Amemfunika kwa gilasi, amembana baina ya vipande viwili vya mkate, amemtia mdomoni na kufunga taya. Hata akimmeza, Jerry hupata njia ya kutoka. Mwulize mtoto yeyote wa mitaa yetu ya Langoni au Mkomani kwa nini Tom hamalizi kazi, atakutazama kwa huruma. Akimla, katuni si itakwisha?

Jibu ni la kitoto, lakini sijasikia lililolishinda. Wakubwa hupenda kusema kwamba Tom na Jerry wamedumu kwa sababu hawasemi, au kwa sababu watu wote hupenda kumwona mdogo akimshinda mkubwa. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Nakaa na jibu la mtoto, na nakaa nalo hapa Amu, yaani Lamu, kwa kuwa naona mji huu una mambo ya kulifafanulia ambayo Hollywood haina.

Tuanze na paka wenyewe. Alfajiri, mashua za uvuvi zinapofika, wao huwa wamekwisha kufika. Hawalii. Huketi nje ya soko la samaki, mkia umezungushwa miguuni, kila mmoja amejipimia umbali wake na kisu cha muuzaji. Matumbo ya samaki yakirushwa, mmoja huondoka nayo na wengine hubaki walivyo, kana kwamba hawakuona kitu. Ni paka wembamba, shingo ndefu, masikio yamesimama. Waelekezi huwaambia watalii kwamba ndio wale waliochongwa katika mawe ya Misri ya kale, na Jack Couffer, mpiga picha wa sinema kutoka Marekani, aliwaandikia kitabu kizima, The Cats of Lamu, kilichotoka mwaka 1998. Habari ya nasaba ya Kifirauni nawaachia wenyewe. Ninachokijua ni kwamba paka hapa hafukuzwi hovyo. Tangu chuoni tumesikia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfunga paka bila chakula, na ya sahaba aliyepewa lakabu ya Abu Huraira kwa ajili ya kipaka chake. Tumefundishwa pia kwamba paka akinywa maji ya udhu, maji hayaharibiki. Basi paka wa Amu hulala atakapo: barazani, kwenye ngazi za msikiti, au ndani ya kidaka cha ukuta wa nyumba ya kale, baina ya bakuli mbili za kaure zilizomzidi umri bibi wa nyumba, na asubuhi bakuli zote mbili ziko salama.

Tom angezivunja. Tena vyombo vya kuvunjika ndivyo vilivyomwanzisha. Katika filamu ile ya 1940, Puss Gets the Boot, hakuwa Tom bado, aliitwa Jasper, na panya hakutajwa jina. Paka ameangusha chungu cha maua. Mama wa kazi anamwonya: kikivunjika kitu kimoja zaidi, utalala nje. Panya anasikia. Kuanzia hapo hana haja ya kukimbia. Anasimama ukingoni mwa meza na gilasi mkononi, anamkazia paka macho, na paka mzima, mwenye kucha na meno yake, anaganda palepale. Anayemtisha paka ni panya ambaye silaha yake yote ni kazi ya paka.

Waliotunga kisa hicho, William Hanna na Joseph Barbera, walikuwa vijana waajiriwa wa kampuni ya MGM, na wakubwa wao hawakuona ajabu yoyote. Paka na panya, nani hajawaona? Inasimuliwa kwamba kilichowageuza ni barua ya mtu wa biashara ya sinema huko Texas, aliyetaka kujua lini angeletewa nyingine ya namna ile. Likafanywa shindano la majina ofisini, mchoraji mmoja, John Carr, akashinda dola 50 kwa kuandika Tom na Jerry, na kutoka hapo Hanna na Barbera wakatengeneza filamu 114 zilizotoka hadi mwaka 1958, kila moja ya dakika saba hivi. Saba kati yake zilipata tuzo ya Oscar. Tuzo alikuwa akienda kuzipokea bosi wao, Fred Quimby, mambo ambayo aliyewahi kufanya kazi chini ya mtu hahitaji kuelezwa.

Waliochora filamu zile walikuwa wamewatazama paka kweli. Paka akikosea kuruka, akaporomoka ukutani mbele za watu, hujilamba bega. Huo ndio msemo wake wa kwamba alikusudia. Nimeliona hilo pale Mkunguni, mbele ya Ngome, paka wa kahawia akipima ukuta, akiruka, akikosa kwa upana wa kidole, na kabla hajatulia chini ulimi uko begani, uso wa mtu mwenye miadi kwingine. Tom ana uso huohuo. Akipigwa na kikaango mpaka kichwa kikachukua umbo la kikaango, hupata nukta moja ya kuturudishia macho sisi watazamaji, heshima yake ikiwa bado mkononi, kabla hajaanguka. Katika mji wa paka, nukta ile huchekwa kwa sauti kubwa kuliko kipigo chenyewe.

Kwetu Tom alikuja kwa kaseti ya video, kisha kwa sidii zilizouzwa zimechanganywa filamu za Kihindi na za karate, kisha kwa king'amuzi, na sasa yumo katika kila simu. Mama akitaka kukaanga viazi karai kwa utulivu, humpa mtoto simu na Tom. Afrika Mashariki tumezoea filamu ya kigeni kuja na mtu wa kuisema. Dar es Salaam alikuwapo Lufufu, Kampala yuko VJ Jingo, Kenya yuko DJ Afro, wote mabingwa wa kuchukua maneno ya watu wa mbali na kuyatia chumvi mpaka shujaa wa Hong Kong akadaiwa kodi ya nyumba. Kaseti ya Tom na Jerry ilipowekwa, msimulizi aliweza kwenda zake kunywa chai. Kazi yake ilikwisha kufanywa na mtunzi wa muziki, Scott Bradley, aliyemwandikia kila mnyama hatua zake. Panya anapanda ngazi, vinanda vinapanda naye. Paka ananyata, kila unyayo una noti yake. Hata aliyekaa chumba cha pili akisokota ukili anajua nani anamfuata nani. Na ile kelele ya Tom akibanwa mkia, ambayo watoto wa vichochoroni huiga bila kukosea, ni sauti ya Hanna mwenyewe: mwelekezi wa filamu alikwenda mbele ya kinasa sauti akapiga ukelele, ukatumika miaka na miaka.

Lakini ukimya peke yake haumweki mgeni kitako. Angalia yaliyotokea baada ya 1957. Mwaka huo MGM ilifunga idara yake ya katuni, na sababu inachekesha kwa uchungu: walipiga hesabu wakaona filamu za zamani zikirudishwa sinema huingiza karibu fedha zilezile za filamu mpya. Watu hawakuwa wamezichoka. Hanna na Barbera waliachishwa kazi kwa ubora wa kazi yao, habari ikaja kwa simu. Miaka michache baadaye jina likapewa Gene Deitch, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Prague, na kati ya 1961 na 1962 akatoa filamu 13. Wachoraji wake wa Kicheki majina yao yaliandikwa kwa sura ya Kiingereza ili Mmarekani wa wakati wa Vita Baridi asishtuke. Filamu hizo nazo karibu hazina maneno. Paka yuleyule, panya yuleyule. Ziweke mbele ya watoto uone: baada ya dakika moja mmoja atasema hawa si wale, na mkono utakwenda kutafuta nyingine. Milio inatoka kama ndani ya birika tupu, na bwana wa Tom katika baadhi yake humpiga kwa hasira ya kweli kweli, mpaka mtu unatazama pembeni. Kipigo kimebaki na mchezo umetoka. Chuck Jones aliyekuja baada yake alitengeneza 34 zilizopendeza macho, lakini paka wake amekuwa mrembo mno, nyusi zake zinafikiri sana. Na mwaka 1992 kulitoka filamu ndefu ambamo Tom na Jerry wanazungumza na kuimba kwa urafiki. Hiyo tuipite.

Kilichokuwamo katika zile za kwanza kinaonekana wazi kuliko kwingineko katika filamu ya mwaka 1943, The Lonesome Mouse. Jerry anamsingizia Tom, Tom anafukuzwa, mlango unafungwa. Panya amebaki sultani wa nyumba nzima. Anaifurahia kwa muda mfupi, anacheza, anaichorachora picha ya adui yake, kisha anakaa. Hakuna wa kumkimbiza. Mwishowe anakwenda nje kupatana na Tom: tutafanya vurugu mimi na wewe, mama wa kazi atapiga kelele, utaitwa uje kuniwinda. Wanashikana mikono. Halafu tunaona vita vya uongo, sahani zikiruka, viti vikipinduka, wahusika wawili wakipigana kwa bidii ya kazi waliyokubaliana. Tom anarudishwa ndani kwa heshima na chakula kitamu, na ahadi aliyompa mwenzake anaisahau papo hapo, kwa hiyo kesho kutwa kila kitu kitaanza upya. Mtoto wa Langoni hajaiona filamu hiyo, pengine, lakini jibu lake limo ndani yake lote.

Amu tunaujua ushindani wa namna hiyo. Mji huu zamani uligawika pande mbili, Zena na Suudi, na kila upande ulikuwa na wakubwa wake na ngoma zake. Walishindana kwa kila kitu kinachoweza kushindaniwa bila kuuvunja mji, na kingine kikakaribia kuuvunja. Leo ni mbio za punda, mashindano ya majahazi, na timu za mpira. Wakati wa vita vya Shela, miaka ya 1812 na 1813, Mazrui wa Mombasa na watu wa Pate walipokuja kutushambulia wakaacha maiti zao kwenye mchanga, yalikuwapo mapigano mengine ya sambamba: mashairi ya Muyaka bin Haji kutoka Mombasa, na majibu ya Bwana Zahidi Mngumi wa hapa. Shairi likija, lilikuja na fumbo ndani yake, na aibu ilikuwa kushindwa kulifumbua, au kulijibu kwa bahari hafifu. Mshairi anayejibizana na mwenzake humtakia kila baya isipokuwa kunyamaza. Muyaka akinyamaza, Mngumi amjibu nani? Kwa vina gani?

Tena kuna suala la nafasi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, mahali pengine punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma. Ukigombana na jirani yako, kesho utapishana naye bega kwa bega, na keshokutwa mtakutana mazishini, na Ijumaa mtakaa safu moja. Huhamii mbali, kwani kisiwa kina mwisho. Kwa hiyo ugomvi hujifunza adabu zake: wengine hapa wana kesi ya ukuta au ya mnazi waliyoirithi kwa babu, nao huiendesha kwa uangalifu, kila mmoja akimwuliza mwenzake hali akiugua. Nimemsikia mtu akilalamika, baada ya hasimu wake kuhamia Mombasa kwa mwanawe, kwamba baraza limepwaya. Hanna na Barbera waliwafungia paka na panya ndani ya nyumba moja ambayo hawatoki, wakagundua kwamba hilo linatosha.

Ila nyumba ile ina mtu wa tatu, na ni lazima tumseme.

Tulipokuwa wadogo tulimwona kwa miguu tu: soksi zilizoshuka, kandambili, ufagio, sauti nene ya mama mwenye hasira. Hatukushangaa. Alikuwa bibi yeyote wa hapa mwenye ufagio wa kuti na paka mwizi. Ukubwani ndipo mtu hutambua kwamba miguu ile ni ya mwanamke Mweusi mtumishi, aliyechorwa kwa mfano wa dhihaka ambao Wazungu wa Marekani waliuzoea tangu enzi za utumwa, na kwamba kufichwa kwa uso wake ni sehemu ya mzaha. Sauti ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji Mweusi ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kililalamika, na baada ya 1952 mhusika huyo hakuonekana tena. Zilipopelekwa televisheni miaka ya 1960, baadhi ya filamu zilichorwa upya, miguu ikawa ya mwanamke mweupe na sauti ikabadilishwa. Mwafrika atakayetafuta ile ya mwaka 1951, His Mouse Friday, ambamo Jerry anajipaka masizi na kujifanya mla watu wa kisiwani, aitafute akiwa amekaa.

Wako wasemao hizo ni aibu za Marekani, sisi hazituhusu. Mimi naona zinatuhusu mara mbili. Lamu ilikuwa mji wa waungwana na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mpaka mwaka 1907. Nyumba zile za mawe tunazowaonyesha wageni, zilizoutia mji katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, zilikuwa na watu waliopanda na kushuka ngazi na maji na vyungu, na katika masimulizi ya nyumba hizo tunapata jina la aliyejenga, jina la bibi harusi aliyejengewa, hata jina la fundi wa milango. Wao tunawasikia nyayo tu. Basi nikiiona miguu ile ikivuka jikoni bila kichwa, huwa siwezi kuihukumu Hollywood kwa raha kamili. Na nikikaa zaidi naona jambo jingine: ndiye peke yake mle ndani afanyaye kazi. Paka na panya wanacheza vita vyao kwa sababu yuko mtu anayeokota vigae. Watengenezaji wa leo wakimfuta kabisa, wanaacha nyumba inayojisafisha yenyewe, uongo mkubwa kuliko wa kwanza. Yafaa abaki, na watoto waambiwe nani alikuwa akisema kwa sauti ile.

Pwani hii ilikuwa na paka wake wa hadithi miaka sabini na zaidi kabla ya Tom. Yumo katika kisa cha Sultani Majnuni, alichokinukuu Askofu Edward Steere huko Unguja na kukichapisha mwaka 1870. Paka wa sultani alianza kwa ndama. Watu wakashitaki, sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akafuata mbuzi, sultani akasema vilevile. Akafuata ng'ombe, punda, ngamia, kisha mtoto wa mtu, na jibu halikubadilika, mpaka alipowala wana wa sultani mwenyewe, na hapo tena hakuwa paka, alikuwa nunda mla watu. Mwana mdogo wa mwisho, ambaye hakuna aliyemtarajia, akatoka kumsaka. Kila alichokiua akakileta nyumbani, na mama yake akamwambia huyu siye. Mpaka siku aliyemleta akawa ndiye.

Hadithi hiyo haichekeshi. Nunda amekula, na anayekula wote hana wa kushindana naye, amebaki na wa kumwua tu. Bibi zetu waliisimulia usiku taa ikiwa imeshushwa, na waliofahamu walifahamu ilikuwa ikisemwa habari ya nani. Ikiwa mtoto wa leo analala na Tom badala ya nunda, sioni kwamba ameporwa urithi wake. Anapewa paka wa upande wa pili: mwenye nguvu zote za nunda ambaye kila siku kuna kitu kinamzuia, pasi, reki, kikaango, mbwa aliyelala, woga wa kufukuzwa, na zaidi ya vyote panya mwenyewe asiyekubali kuwa chakula. Ningependa tu asimuliwe wote wawili. Studio za kwetu zimeanza kuweza: Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, na Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa hewani tangu 2014. Zote zinafundisha, na zinafundisha vizuri. Nasubiri kwa hamu ile ambayo haitafundisha lolote, itakayomwachia nunda aanze na ndama wa kwanza.

Ikiwa nitaulizwa filamu moja ya Tom ya kumwonyesha mtu mzima wa hapa asiyetaka mambo ya watoto, nitataja Heavenly Puss, ya mwaka 1949. Piano inaporomoka ngazini na kumsaga Tom. Roho yake inapanda mpaka kwenye stesheni ya mbinguni, ambapo mzee wa mlangoni anakagua daftari. Mbele yake kwenye foleni wako paka wengine na sababu zao za kufa, na gunia lililolowa maji linafunguka, wanatoka vipaka vitatu. Hapo kicheko hukatika kidogo kila mara, kwani hakuna mji usiojua gunia hilo. Daftari la Tom ni baya: amemdhulumu panya maisha yake yote. Gari la moshi linaondoka baada ya saa moja. Arudi duniani akalete hati ya msamaha iliyotiwa saini na Jerry, vinginevyo chini kuna sufuria inachemka na mbwa anamngoja. Tom anajaribu keki, anajaribu kughushi, anajaribu nguvu, na mwishowe anapiga magoti. Jerry anapotia saini, muda umekwisha, ngazi zinayeyuka chini ya miguu ya Tom na hati ikiwa mkononi.

Niliiona mara ya mwisho kwenye simu ya mpwa wangu, barazani, baada ya Alasiri, wazee watatu wakiinamia kioo kilekile kwa kisingizio cha kumchunga mtoto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba haki ya mwenzio haifutiki kwa toba yako peke yako, mpaka yeye aseme amekusamehe. Watu huzunguka mji mzima kutakana radhi kabla ya kwenda Hija. Ubishi ulikuwa juu ya saini. Wa kwanza alishikilia kwamba hati imekamilika, dhuluma imefutwa, na kuchelewa kwa gari ni habari ya wenye gari. Wa pili, aliyekuwa nahodha, alimwambia aende na tiketi yake gatini Mokowe boti ikiwa imeshang'oa, aone kama tiketi itamvusha. Wakarudishiana hivyo mpaka mtoto akaomba simu yake. Wa tatu alikuwa kimya akitafuna tambuu. Alitema, akafuta mdomo, akasema wote wawili wamesahau kwamba mwishoni Tom anaamka pale mekoni, ilikuwa ndoto, na Jerry hakutia saini popote. Deni liko palepale.